Kijana Mkimbizi na Kadi ya Maktaba

Mnamo mwezi wa Mei mwaka 1853 gazeti moja la mji wa Pittsburgh, Marekani, lilipokea barua ya manung'uniko kutoka kwa kijana wa miaka 17, mhajiri wa Kiskochi, ambaye miaka mitano kabla ya hapo alivuka bahari pamoja na wazazi wake baada ya mitambo ya mvuke kumnyang'anya baba yake, mfumaji wa nguo kwa mkono, riziki aliyoitegemea. Kijana huyo, Andrew Carnegie, alikuwa amekwisha pitia ukibarua wa kiwanda cha pamba na utarishi wa kupeleka telegramu, na sehemu kubwa ya elimu yake aliipata katika maktaba ya vitabu vipatavyo 400 ambayo muungwana mmoja, Kanali James Anderson, aliwafungulia vijana wafanyakazi kila Jumamosi. Sasa maktaba ilikuwa imehamia mahali pengine na kupata kanuni mpya, na kanuni zilisema kwamba atakayeazima bila malipo ni yule tu aliyefungwa mkataba wa kujifunza ufundi. Wengine wote watoe dola mbili kwa mwaka. Carnegie hakuwa na mkataba wa ufundi, wala hakuona insafu ya kudaiwa dola mbili. Akashika kalamu, akawashitaki wakuu wa maktaba mbele ya wasomaji wa gazeti, akashinda.

Alipotajirika, mtu yule alijenga maktaba zaidi ya 2,500 duniani, na sina nia ya kumtakasa kwa ajili hiyo, maana wafanyakazi wa viwanda vyake vya chuma kule Homestead, waliovunjiwa mgomo wao mwaka 1892 kwa mtutu wa bunduki, wangekuwa na neno la kusema juu ya ukarimu wake. Ninalolitafakari ni shauri la yule kijana kabla hajawa na kitu. Hakuomba sadaka, wala hakuomba ajengewe chumba cha peke yake pamoja na Waskochi wenzake. Alidai kuhesabiwa miongoni mwa wale ambao mji unawaamini na vitabu vyake, na kilichosimama baina yake na daraja hiyo hakikuwa chuki ya mtu yeyote, bali kanuni ndogo iliyoandikwa na watu ambao hawakumfikiria.

Nairobi ina sehemu yake katika habari hii. Pale katikati ya mji, katika mtaa wa Banda, lipo jumba la nguzo lenye simba wa mawe mlangoni, lililofunguliwa mwaka 1931 kwa ukumbusho wa Sir William Northrup McMillan, na katika fedha zilizolijenga ilikuwamo hisani ya shirika la wakfu aliloliacha Carnegie huyo huyo. McMillan naye alikuwa mgeni: alizaliwa St. Louis, Marekani, mwaka 1872, akaja nchi hii mwanzoni mwa karne ya ishirini, akapata ardhi, akapata heshima, na alipokufa akapewa kaburi kwenye mteremko wa mlima wa Ol Donyo Sabuk, mahali ambapo wenyeji wengi wasingethubutu kuomba. Basi kwa muda wa miaka 27 maktaba iliyobeba jina la mgeni huyu ilikuwa haramu kwa Mwafrika, mzaliwa wa nchi, hata ulipowadia mwaka 1958 ndipo milango ikafunguliwa kwa watu wa rangi zote. Tangu mwanzo, kwa hiyo, suala la nani aketi na kusoma ndani ya maktaba ya umma katika nchi hii halikuwa suala la vitabu. Lilikuwa suala la nani ni wa hapa na nani si wa hapa, na waliolijibu walilijibu kwa kanuni za mlangoni.

Leo Kenya inahifadhi wakimbizi zaidi ya 700,000. Kambi ya Dadaab ina watu tangu 1991, ya Kakuma tangu 1992, na katika miji, Nairobi hasa, wamo Wasomali na Waethiopia wa Eastleigh, Wakongo wa Kayole na Kawangware, na Warundi, Wanyarwanda na Wasudani Kusini waliotawanyika katika mitaa mingi. Hesabu hizi huwafanya wengi wetu wafikirie mahema na malori ya chakula. Ni nadra kufikiriwa kijana wa miaka 16 aliyezaliwa Ifo au Hagadera, kambi za huko Dadaab, ambaye mama yake naye alikulia hapo hapo, ambaye hajapata kuiona Mogadishu hata kwa safari ya siku moja, anayefuata mtaala wa Kenya, anayefanya mtihani wa Kenya, na ambaye akiulizwa kwao ni wapi hulazimika kulitaja jina la mahali anapopajua kwa hadithi tu. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 ilimfungulia kijana huyo baadhi ya milango, na mpango wa Shirika uliozinduliwa na serikali mwezi wa Machi 2025 umeahidi kwamba kambi zitageuzwa hatua kwa hatua kuwa makazi ambamo wakimbizi na wenyeji watashirikiana katika huduma. Ahadi ni njema. Lakini nimeona kwamba kila zinapotajwa huduma hizo hutajwa maji, hospitali, shule na soko, na maktaba husahauliwa, kana kwamba ni pambo la kungojea siku ya neema.

Na tuzitazame nyumba za umma ambazo kijana mkimbizi anazijua. Ipo ofisi ya kuandikishwa, ambako hutoa alama za vidole. Kipo kituo cha polisi, ambako huonyesha karatasi. Ipo zahanati, ambako hueleza maradhi yake. Ipo shule, ambako hupimwa na kupangwa daraja. Katika kila moja ya nyumba hizi yeye ni mtu wa kuulizwa na kuthibitisha. Maktaba ya umma ndiyo nyumba ya pekee ya serikali ambayo mtu huweza kuingia bila shida ya kusimulia, akaketi saa nne, akatoka, na asiwe amemweleza mtu yeyote kwa nini alikuja. Sisi tuliozaliwa na uraia mfukoni hatuwezi kuipima thamani ya ukimya huo.

Ama kuhusu matumizi ya maktaba zetu, msomaji wa Nairobi, Kisumu au Mombasa anajua kwamba sehemu kubwa ya wanaojaza viti vyake hawakufuata vitabu vya rafu. Ni wanafunzi waliobeba madaftari yao wenyewe, wamekuja kudurusu kwa ajili ya mtihani wa kidato cha nne, kwa sababu nyumbani chumba ni kimoja, taa ni haba na watoto wadogo wanapiga kelele. Wako wakutubi wanaolalamika kwamba hiyo si maktaba bali ni ukumbi wa mitihani, na malalamiko yao nayaelewa, ila kwa shauri tulilo nalo naona kuwa ni bahati kubwa. Kijana wa Kisomali kutoka Eastleigh na kijana wa Kikamba kutoka Makadara wana mtihani mmoja, siku moja, wenye maswali yale yale. Hawahitaji kuhutubiwa juu ya utangamano; mmoja atahitaji kalamu, mwingine atakwama kwenye hesabu. Kati ya mwaka 2018 na 2022 riwaya ya kutahiniwa katika Kiswahili ilikuwa Chozi la Heri ya Assumpta Matei, ambayo ndani yake wamo Wakenya waliofukuzwa makwao na kuishi kambini baada ya machafuko ya uchaguzi, na mara nyingi nimejiuliza jinsi mjadala wa riwaya ile ulivyokuwa kila alipotokea mezani mtahiniwa ambaye kambi kwake haikuwa sura ya kitabuni. Katika meza ya namna hiyo, yule ambaye siku zote husaidiwa ndiye mwenye kujua zaidi ya wenzake.

Hata hivyo kukaa mezani ni nusu ya jambo, na nusu iliyo ndogo. Mkimbizi, tangu aingiapo nchini, hupewa: hupewa hema, unga, mafuta, blanketi, ndoo, na kila anachopewa kimekwisha kuandikwa katika hesabu ya mtoaji kuwa kimetoka na hakitarudi. Ni hisani, na Mungu awalipe watendao, lakini hisani hiyo haina swali lolote juu ya tabia ya apokeaye; haimtegemei kwa kitu. Wazee wetu, waliosema mgeni siku mbili na siku ya tatu apewe jembe, walikuwa na akili pana kuliko mashirika mengi ya misaada, kwa sababu walijua kuwa kumlisha mtu siku zote ni kumweka mlangoni siku zote. Kwa miaka zaidi ya 30 tumewanyima wakimbizi jembe, kwa kuwazuia kusafiri na kuwakwamisha katika vibali vya kazi, kisha tukawalaumu kwa kutolima.

Kuazimwa kitabu ni kinyume cha kupewa. Anayekuazima mali yake amekuhukumu kuwa mwaminifu kabla hajakujua; amekukabidhi amana, akataja tarehe, na kati ya leo na tarehe hiyo mna ahadi baina yenu. Kijana anayetoka nje ya maktaba na kitabu chenye muhuri wa kaunti kwapani amechukua kitu cha umma, nao umma umekubali kwamba yeye atarudi. Akichelewa atatozwa faini, na hata hiyo faini naiona kuwa sehemu ya heshima, kwa sababu anatozwa kama anavyotozwa kila mtu. Sijui huduma nyingine ya serikali ambayo kwa gharama ndogo namna hii humwambia kijana, bila hotuba, kwamba anategemewa.

Kwa hiyo shauri langu lote linasimama juu ya kadi, na hapo ndipo penye uchungu. Fomu ya kujiunga na maktaba, kwa desturi tuliyoizoea, hutaka mambo ambayo kijana mkimbizi ndiye wa mwisho kuwa nayo: nambari ya kitambulisho, anwani ya kudumu, na mdhamini mwenye kazi inayojulikana. Kadi ya mkimbizi hutolewa kwa aliyefikia miaka 18. Kabla ya hapo jina lake limo katika karatasi ya jamaa nzima, waiitayo manifesti, ambayo mama huifunga ndani ya mfuko wa nailoni na hamkabidhi mtoto akatembee nayo mjini. Kadi yenyewe ina muda wake, na ikiisha, kungojea nyingine ni kungojea kweli. Anwani ya kudumu ndiyo ile waliyoikimbia. Na mdhamini wampate wapi, ilhali wanaowajua ni wakimbizi kama wao? Hakuna aliyekaa akaandika fomu ile kwa inda ya kumfukuza Mkongo au Msomali. Iliandikwa kwa kumfikiria karani wa serikali na mtoto wa karani, ikanakiliwa mwaka hata mwaka.

Juu ya hayo ipo khofu. Mwezi wa Aprili 2014, katika operesheni iliyoitwa Usalama Watch, polisi walipita Eastleigh nyumba kwa nyumba, wakakamata maelfu ya watu, na wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani kuchunguzwa. Watoto walioyaona hayo leo ni vijana wa miaka ishirini na zaidi, na wadogo zao wamesimuliwa. Mtu aliyejifunza utotoni kwamba uwanja wa michezo waweza kugeuka korokoro hataingia jengo lenye bendera kwa kusoma tu tangazo lililobandikwa ukutani kwamba wote mnakaribishwa. Ataingia akichukuliwa na mwenzake wa shule, au akimwona mkutubi nje ya jengo lake, mahali ambapo yeye hana khofu.

Na wakutubi wetu wanajua kutoka nje. Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba za Taifa, kwa tawi lake la Garissa, ilianza kuwapakia ngamia masanduku ya vitabu na hema na kuwafuata wafugaji huko walikokuwa, na tawi la Wajir likafanya vivyo hivyo. Wageni wameandika sana habari za ngamia hao, aghalabu kwa kustaajabu, kana kwamba ni mchezo. Mimi naona busara ya utawala ndani yake: walioianzisha huduma hawakusubiri mfugaji apate anwani ya kudumu ndipo ahesabiwe msomaji, waliibadili huduma ikafuata maisha ya mtu. Ikiwa tuliweza kuifanyia hivyo jamii inayohama na mvua, na kwa ngamia, si muhali kuifanyia hivyo jamii iliyokaa mahali pamoja kwa miaka thelathini, tena karibu na barabara ya gari.

Ninaloliomba kwa serikali za kaunti ni jepesi kuandikwa. Maktaba ipokee kadi ya mkimbizi, au manifesti, au barua ya mwalimu mkuu, kuwa ni utambulisho wa kutosha. Asiye na chochote katika hivyo apewe kadi ya kuazima kitabu kimoja, na akikirudisha aongezwe. Mdhamini asitakiwe kwa aliye chini ya miaka 18, au akitakiwa, awe mwalimu, imamu au mchungaji. Na taarifa za kadi zisivuke meza ya mkutubi kwenda kwa polisi ila kwa amri ya mahakama. Mji wa New York ulianza mwaka 2015 kutoa kitambulisho cha mji kwa wakazi wake bila kuwauliza habari ya uhamiaji wao, na kitambulisho hicho hicho hutumika kuazima vitabu katika maktaba zake. Mji ule una matatizo mengi ambayo hatuyataki, lakini hili ni jambo la kuiga. Ilani ya UNESCO juu ya maktaba za umma, iliyotolewa mara ya kwanza 1949 na kuhuishwa mara ya mwisho 2022, inasema kwamba huduma hii ni ya wote pasipo kutazama uraia wala lugha. Tusijidanganye, kwani ilani haimwajiri mkutubi hata mmoja.

Kuhusu rafu zenyewe, kijana akiingia asikute vitabu vinavyomhusu kuwa ni vile tu vinavyomtaja kwa sababu ya vita. Kisomali kina mwandiko rasmi wa herufi za Kirumi tangu 1972, na vitabu vyake vinauzwa Eastleigh hatua chache kutoka kituo cha matatu. Hapahitajiki mfadhili wa ng'ambo kuvinunua. Mkongo wa Uvira au Bukavu ana Kiswahili chake, ambacho watoto wa Nairobi hukicheka kisha wao nao wakachekwa na sisi wa pwani, na ingekuwa dawa ya kiburi chetu sote kama rafu ya Kiswahili ingekuwa na sauti za Kongo, Burundi na Unguja pamoja. Tena wapo Wabarawa wa Somalia, waliokuja Mombasa kwa vyombo vya baharini baada ya 1991 na kuwekwa katika kambi za pwani, zilizofungwa kabla ya karne ile kwisha. Lugha yao, Chimiini, ni ndugu wa Kiswahili chetu, na mji wao ndio uliomtoa Dada Masiti, mshairi wa kike mchamungu aliyefariki mwanzoni mwa karne ya ishirini. Kijana wa Barawa aliyekulia Mombasa akiambiwa ni mgeni ana haki ya kuonyeshwa, kwa kitabu, kwamba ukoo wa lugha yake ni wa hapa tangu kabla ya mipaka.

Najua jibu nitakalopewa, na si jibu la kipumbavu. Nitaambiwa kwamba watoto wa Wakenya wenyewe hawana maktaba. Kwamba zipo kaunti nzima ambazo kijana hawezi kuifikia maktaba ya umma kwa nauli ya siku moja. Na kwamba Mturkana wa Kakuma, aliyewapokea wakimbizi juu ya ardhi yake kavu, amekaa miaka mingi akitazama misaada ikipita mbele ya mlango wake kuingia kambini. Manung'uniko hayo ni ya haki, na ndiyo sababu sipendi maktaba ya wakimbizi peke yao. Makazi ya Kalobeyei, karibu na Kakuma, yalianzishwa kwa nia ya kuwaweka wenyeji na wageni katika huduma zile zile, na maktaba iliyo bora kwa nchi ile ni ya kaunti, yenye jina la kaunti, ambamo Mturkana na Msudani Kusini wanapanga foleni moja mbele ya mkutubi mmoja. Kitabu hakipungui kwa kusomwa na wawili. Gharama iliyo kubwa katika maktaba ni jengo, mshahara na umeme, na gharama hizo hazizidi kwa sababu viti vilivyokuwa vitupu saa tano za asubuhi vimepata wa kuvikalia.

Wala sisemi kwamba maktaba itamaliza jambo. Haitoi kibali cha kazi, haimpi mtu uraia, na kijana aweza kusoma rafu nzima ya sheria na bado akarudishwa kwenye kizuizi cha barabarani kwa kukosa karatasi. Wapo pia watakaoingia maktaba kwa ajili ya kuchaji simu, au kukimbia jua, au kulala juu ya kamusi, waachwe. Wanafunzi wa chuo kikuu nao hulala, na hakuna aliyewahi kuwataka waeleze wanakotoka.

Katiba ya 2010, katika Jedwali lake la Nne, imezikabidhi maktaba kwa kaunti, na mwenye kusoma ataikuta kazi hiyo imetajwa baada ya sinema na kukodisha video, jambo ambalo pengine linaeleza kwa nini magavana wachache hulizungumza. Lakini hapo ndipo mamlaka yalipo. Kanuni za uanachama hazihitaji kupelekwa Geneva, wala kungojea mpango wa Shirika ukamilike. Waziri wa kaunti anayehusika na utamaduni anaweza kuzibadili pamoja na wakutubi wake katika kikao kimoja. Fedha za kununua vitabu vya Kisomali na za kumlipa kijana mmoja wa Kikongo asimulie hadithi Jumamosi ni za bajeti ya kaunti, na makadirio ya bajeti hiyo hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka, baada ya wakazi kuitwa kutoa maoni. Wito huo huwaita wakazi, na wakimbizi wa Eastleigh, wa Dadaab na wa Kakuma ni wakazi. Waende na fomu ya maktaba mkononi, wamwombe mwenyekiti wa mkutano huo aisome kwa sauti, sharti baada ya sharti, na kwa kila sharti wamuulize linalinda nini.